"Upepo nane, saa sita": uchambuzi wa kisa cha boti lililobeba saruji, Kigoma

Majina ya watu, boti na vijiji nimeyaacha, na mambo mawili matatu yasiyo na uzito nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Mhusika mmoja ni mimi mwenyewe. Ujumbe ulioanzisha yote haya niliuandika kwa vidole vyangu, kwa hiyo sisimulii kama mtu aliyekuwa kando.

Mazingira

Aliyeliona Ziwa Tanganyika kutoka mjini Kigoma tu, bado hajaliona. Upande wa kusini ghuba ya mji imekingwa na rasi ya Bangwe, na maji yake yanaweza kuwa kama ya karai siku ambayo huko nje kumechafuka. Ukitoka Kibirizi, mwalo wa boti za kaskazini, kuelekea Gombe na vijiji vya karibu na mpaka wa Burundi, kinga hiyo unaiacha nyuma. Kulia kwako kuna milima inayopanda moja kwa moja kutoka ufukweni: ziwa liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na migongo ya Gombe inafika mita 1,500. Kushoto ni maji matupu mpaka Kongo.

Ziwa lenyewe limelala kaskazini kwa kusini, urefu wa kilomita 670 hivi kwa upana wa wastani wa kilomita 50. Ni ujia mrefu uliobanwa na milima pande zote mbili. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, kusi linaingia katika ujia huo na kuufuata. Kutoka Mpulungu, Zambia, hadi Kigoma kuna zaidi ya kilomita 400 za maji, na wimbi linalosukumwa umbali huo wote lina muda wa kutosha wa kukua. Ndiyo maana unaweza kusimama Kigoma penye upepo hafifu ukapokea mawimbi ya upepo uliovuma kwa watu wengine.

Kisa kilitokea mwezi wa Agosti. Boti lilikuwa la mbao, urefu wa mita 12, mashine ya nguvu farasi 40 nyuma. Mzigo ulikuwa saruji mifuko 70 (yaani tani tatu na nusu), bando mbili za bati na misumari, vyote vya kumalizia darasa katika kijiji kilicho mbele ya Gombe. Watu walikuwa 11 pamoja na nahodha na msaidizi wake. Jaketi okozi zilikuwa sita. Boti lilipokwisha kupakiwa, kutoka ukingo hadi majini zilibaki shubiri mbili.

Utabiri ulivyopita mikononi

Jioni ya kuamkia safari, mama mwenye mzigo alinipigia simu. "Kaka katibu, wewe ndiye mtu wa mtandao. Niangalizie upepo wa kesho." Nilifungua ukurasa mmoja wa utabiri, nikaandika Kigoma, likaja jedwali. Juu kulikuwa na saa: 00Z, 03Z, 06Z, 09Z, 12Z. Chini yake kasi: 3, 4, 8, 9, 7. Chini zaidi kulikuwa na mstari wa pili wa namba zilizofifia, ambao sikuusoma. Pembeni kabisa, kwa herufi za kuhitaji miwani, paliandikwa m/s.

Nikamwandikia kwa WhatsApp: "Kesho upepo 8 saa 6. Mawimbi madogo."

Yale maneno mawili ya mwisho niliyatunga. Jedwali halikusema lolote kuhusu mawimbi. Niliona nane ni kidogo nikaongeza neno la kumtuliza. Mama akautuma ujumbe kwa kijana wa nahodha, maana nahodha mwenyewe ana simu ya tochi. Kijana akamsomea baba yake kwa sauti: "Upepo nane, saa sita."

Tuitazame hiyo sita. Kwenye jedwali, herufi Z inamaanisha saa ya dunia, ile inayoandikwa pia UTC. Tanzania iko saa tatu mbele yake, kwa hiyo 06Z ni saa 3 asubuhi. Mimi sikuijali ile Z. Nilichukulia ni saa sita ya Kizungu, yaani saa 12 alfajiri, na sikujisumbua kuigeuza. Nahodha alisikia saa sita, naye kwa Mswahili yeyote mwenye akili timamu saa sita ya safari ni saa sita mchana. Sita moja, nyakati tatu tofauti, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Siku yenyewe

Mpango ulikuwa kung'oa nanga saa 12 alfajiri na kufika kabla ya saa 4. Nahodha alipiga hesabu yake vizuri kabisa: kama upepo unakuja saa sita mchana, na ni nane tu, basi atakuwa ameshapakua na anakunywa chai. Hata bati zilipochelewa kuletwa mwaloni hakuwa na wasiwasi. Waliondoka saa 1 na dakika 40.

Maji yalikuwa yamelala. Kulikuwa na kijiupepo chembamba kutoka milimani, upepo wa nchi kavu: usiku nchi kavu inapoa kuliko ziwa, na hewa nzito inateremka mabondeni kwenda majini. Asubuhi jua likishika, mwendo huo unakufa. Wanaolijua ziwa hawadanganyiki na utulivu huo.

Nahodha aliona kitu kimoja mapema. Mawimbi marefu, ya chini, yasiyovunjika, yalikuwa yanatoka kusini na kupita chini ya boti, na upepo wa kuyaeleza haukuwepo. Alimwambia msaidizi, "Huko kusini kuna mtu anapiga ngoma." Lakini aliendelea, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa saa sita.

Saa 3 kasoro kijiupepo cha milimani kilikata. Kisha nyuma yao ukaonekana mstari mweusi juu ya maji, ukija. Saa 3 na dakika kumi vichwa vya mawimbi vilikuwa vimeanza kupasuka vyeupe.

Hapa ndipo abiria walipofurahi. Upepo ukitoka nyuma hausikiki vizuri, kwa sababu unakimbia nao upande mmoja. Unaokugusa usoni ni ule uliobaki baada ya kuondoa mwendo wako. Boti lilichapuka. Mmoja alisema leo tutafika mapema. Baada ya kama robo saa mawimbi yakaanza kulipita boti, na kila lililopita liliacha maji kidogo upande wa mashine. Msaidizi akaanza kufua maji kwa dumu lililokatwa, na akawa anafua kwa mikono miwili.

Maamuzi majini

Nahodha alikuwa na njia tatu, na kwa simulizi yake aliziwaza zote katika muda wa kuvuta pumzi tano.

Kurudi Kibirizi aliikataa kwanza. Kugeuza kungelazimu boti lilale ubavu mbele ya mawimbi, na ukingo wa shubiri mbili usingevumilia hata moja. Hata kama wangefanikiwa kugeuka, wangekuwa na safari nzima ya kupigana uso kwa uso na kusi.

Kuendelea aliifikiria kwa muda mrefu zaidi, na kwa haki. Wimbi la nyuma lina nafuu ukiwa mwepesi. Lakini boti lilikuwa zito, mashine inakaa nyuma, na nyuma ndipo maji yalipokuwa yakiingia. Ilibaki zaidi ya saa nzima.

Akachagua ya tatu, kukata mshazari kuelekea ufukwe wa kijiji cha wavuvi alichokijua, kilichokuwa mbele kidogo upande wa kulia. Mawimbi makubwa yalikuja kwa makundi, alisema, na kila kundi lilifuatiwa na pumziko. Alisubiri kundi lipite, akakata kidogo kwenda nchi kavu, kisha akaweka tena nyuma ya boti kwenye upepo kabla ya kundi lingine. Ngazi kwa ngazi hivyo.

Watu wote walishushwa wakakaa chini sakafuni. Jaketi sita walipewa kina mama na mtoto mmoja, wengine wakashika madumu matupu yaliyofungwa kamba. Mama mwenye mzigo alipiga kelele, "Tupa saruji, baba, tupa!" Nahodha alimkatalia mwanzoni. Kutupa ovyo, kila mtu upande wake, kungewasimamisha watu na kuliyumbisha boti, na hilo alilihofia kuliko uzito. Baadaye aliruhusu mifuko 12 tu, yote ya karibu na mashine, mmoja baada ya mwingine, ipite nyuma. Boti likainua kisigino. Msaidizi anasema kuanzia hapo ndipo alianza kuyashinda maji.

Ufukweni watu waliokuwa wanaanika dagaa waliacha kazi wakaingia majini hadi kiunoni. Mita chache kabla ya mchanga, penye maji ya mapajani, boti lililala ubavu likajaa. Kila mtu alitembea kwa miguu yake hadi nchi kavu.

Matokeo

Msaidizi alichubuka mkono. Mifuko 12 ilikuwa ziwani, 31 ililowa, 27 ikapona. Bati hazikuwa na shida. Mashine ilikunywa maji ikachukua siku mbili kwa fundi. Darasa lilichelewa. Gharama ya saruji iligawanywa baina ya mama na mwenye boti baada ya kikao kirefu kisichopendeza. Mimi sikuombwa kitu, nikatoa kidogo kwa aibu.

Uchambuzi: namba iliyofika uchi

Kwanza niseme utabiri ulikuwa sahihi. Nilirudi kuusoma usiku ule kwa utulivu: upepo uliahidiwa saa 3 asubuhi, ukaja saa 3 asubuhi. Kilichoharibika ni safari ya utabiri kutoka kwenye jedwali hadi sikioni mwa nahodha. Namba iliondoka nyumbani ikiwa imevaa: kipimo, saa, mahali. Kila mkono ulioishika ukaivua nguo moja.

Kipimo kwanza. Nane ya jedwali ilikuwa mita 8 kwa sekunde. Kuigeuza ni kuzidisha kwa 3.6, inakuja karibu kilomita 29 kwa saa, au noti 16 kasoro kidogo kwa wanaohesabu kibaharia. Masikio yetu yamezoea kilomita kwa saa, kwa sababu ndivyo Mamlaka ya Hali ya Hewa inavyosoma redioni na kwenye taarifa zake: upepo kutoka kusini mashariki kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa saa. Mtu akisema "upepo nane" bila kitu kingine, sikio linajaza kilomita lenyewe. Kilomita 8 kwa saa ni upepo wa kutikisa majani ya mwembe. Kilomita 29 ni wa kujaza ziwa povu jeupe. Na pengo ni kubwa kuliko namba zinavyoonyesha, maana msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa kasi: upepo ukiwa mara mbili, unasukuma mara nne. Mara 3.6 ni msukumo wa karibu mara 13.

Ule mstari wa namba zilizofifia ambao sikuusoma ulikuwa wa mikupuo, yaani upepo wa sekunde chache unaoruka juu ya wastani. Chini ya ile 8 paliandikwa 13, ambayo ni kilomita 47 kwa saa. Wastani unakuambia siku itakuwaje kwa jumla. Wimbi lililolilaza boti pale mchangani, nahodha ana hakika, lilikuja pamoja na mkupuo.

Saa nimeshaieleza, ila kuna ufunguo niliougundua baada ya aibu hii, na sijui kwa nini hatufundishwi. Ukiona saa ya dunia yenye Z, toa tatu, unapata saa ya Kiswahili papo hapo: 06Z ni saa 3 asubuhi, 09Z ni saa 6 mchana, 12Z ni saa 9 alasiri, 15Z ni saa 12 jioni. (03Z inakupa sifuri, ambayo kwetu ni saa 12 asubuhi.) Ukiona saa ya Tanzania iliyoandikwa kwa mtindo wa 0 hadi 23, toa sita. Yaani saa yetu na saa ya dunia zinatofautiana tatu tu, kwa upande usioutegemea. Nikimwonyesha mtu hili hucheka kwanza, kisha hutoa simu yake kuhakiki.

Mahali pananisumbua zaidi, kwa sababu hapana ufunguo mfupi. Niliandika "Kigoma", na simu ikaweka alama mjini. Kompyuta za utabiri haziujui mji. Zinaigawa dunia katika miraba, mingine ya upana wa kilomita 25 na zaidi, mingine ya kilomita 9. Katika mraba mkubwa, gati, mlima, mashamba na maji ya nje ya Bangwe ni kitu kimoja chenye upepo mmoja. Nchi kavu ina miti, nyumba na vilima vya kuukwaruza upepo. Majini hauna wa kuushika. Nilipoisogeza alama hadi ziwani mkabala wa Gombe, saa ileile, ile 8 ikawa 11. Na nilipoisogeza kusini, Kipili na Mpulungu, nikakuta upepo ulikuwa umeanza tangu usiku. Hiyo ndiyo ngoma aliyoisikia nahodha.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Maamuzi ya majini yalikuwa mazuri, na sina cha kuongeza isipokuwa jaketi: sita kwa watu kumi na moja ni kosa lililokuwepo kabla ya upepo na lingekuwepo bila upepo.

Ninalotaka kukaa nalo ni yale mawimbi ya saa mbili asubuhi. Nahodha ana zaidi ya miaka thelathini majini. Alama aliiona, akaielewa, hata akaitamka kwa utani, kisha akaiacha. Nilimuuliza sababu tukiwa tumekaa Kibirizi wiki iliyofuata. "Mwanangu, nisingeambiwa kitu ningeingia kijiji cha kwanza nikasubiri. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa." Ujumbe wangu haukumpa maarifa, uliyanyamazisha aliyokuwa nayo. Kwa hesabu hiyo, kukaa kimya kungekuwa msaada mkubwa kuliko nilichofanya.

Mwezi mmoja baadaye alinipa jibu lingine. Alisema hata ningeandika ishirini na tisa, huenda wangeondoka, maana mzigo ulikuwa umelipiwa, fundi yuko kijijini anakula posho, na boti likikaa mwaloni halilishi mtu. Nadhani majibu yote mawili ni ya kweli. Sisi tunaotuma utabiri tunapenda kuamini kwamba mtu akijua hataenda. Safari hii ningependa kuwa nimempa angalau kitu cha kupimania na ile posho ya fundi.

Kilichobadilika

Sasa ujumbe wangu ni mrefu na hauna mvuto. Mfano, kama ningeuandika upya ule wa Agosti: "Kesho. Namba hizi ni za Kigoma mjini; ziwani mkabala wa Gombe saa 3 asubuhi ni kilomita 40 kwa saa. Saa 12 asubuhi upepo kilomita 14 kwa saa. Kuanzia saa 3 asubuhi kilomita 29 kwa saa kutoka kusini, mikupuo hadi 47. Kusini kwa ziwa umeshaanza usiku. Mawimbi: sijaona popote. Nimesoma leo saa 2 usiku." Neno "sijaona" lilinigharimu kulizoea. Kama kuna angalizo au tahadhari ya Mamlaka, naliweka juu kabisa, kabla ya namba zangu.

Nina pia daftari. Upande mmoja naandika kilichotabiriwa, upande mwingine kilichoonekana kutoka juu ya kilima: majani, vumbi, povu majini. Miezi ya kusi kurasa mbili zinafanana kiasi cha kutia moyo. Mvua zilipoanza zikaachana. Wingu la radi likishusha mvua yake, hewa baridi inaanguka pamoja nayo na kutawanyika juu ya maji kwa nguvu, dakika chache, upande wowote, na wingu la kilomita tano halionekani katika mraba wa kilomita 25. Siku kama hizo naandika tu "kuna radi mchana" na kuacha kasi bila namba.

Nahodha bado ana simu ya tochi. Kijana wake humsomea ujumbe wote, na akifika penye saa mzee humkatiza kila mara: "Saa ya nani hiyo?"